Nabeba magunia Mwaloni kila siku, mbona kijana wa ofisini ananishinda kwenye benchi?

Kuli wa Mwaloni:

Wakuu, salamu. Niingie kwenye mada moja kwa moja.

Mimi ni mbeba mizigo hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Dagaa wanaoshuka kutoka Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine, sisi ndio tunaowatoa kwenye boti mpaka stoo, na kutoka stoo tunawapandisha kwenye malori ya kwenda Kongo na mikoani. Dagaa wakiwa haba nabeba mchele unaovuka kwenda visiwani, yale magunia ya kilo mia. Gunia likikaa begani shingo inalala upande, mkono mmoja unakamata pembe, mwingine unaelea hewani kutafuta mizani, na ule ubao wa kutokea kwenye boti umeloa, una magamba, ukikosea hatua umeoga. Kazi hii nimeianza sijaota ndevu. Mapaja yamekaza, shingo imejaa, vijana pale wananiita Chuma.

Juzi kati jirani yangu, kijana wa ofisini, mtu wa kushinda kwenye kiti, akanivuta jimu moja huku Pasiansi. Akalala kwenye benchi, akasukuma kilo 80 mara sita, akainuka anacheka. Nikasema hizo hizo niwekeeni. Wakuu, chuma kilishuka kifuani kikagoma kuondoka, mpaka wakaja watu wawili kunitoa chini. Wakapunguza mpaka 50. Nikaenda mara nne, mikono inatetemeka, chuma kinapanda mshazari, upande wa kulia umefika na wa kushoto bado uko njiani. Na yule dogo anayefuta benchi akaniuliza kama naumwa.

Baada ya siku mbili kifua kikauma hata kupiga chafya nikawa naogopa. Gunia halijanifanyia hivyo tangu nilipozoea kazi.

Sasa naomba kueleweshwa. Inakuwaje mtu wa kilo mia begani kutwa nzima anakwama kwenye 80? Na mbona mwili hauongezeki? Miaka nenda miaka rudi niko kwenye 64, wakati yule jamaa kaanza majuzi tu na kifua kimeshajaa shati. Pale jimu kila mtu ana lake: mmoja anasema vyuma vizito mara chache, mwingine vyepesi mara nyingi, mwingine nivute mipira ile inayorefuka, mwingine pushapu zinatosha, na yupo aliyesema siri ni kushusha chuma polepole. Kwani uzito si uzito? Mwili unajuaje kwamba hii ni gunia na hii ni chuma?

La mwisho ni la mama yangu, yuko Kisesa, kapita miaka 60, ana presha anatumia dawa, na kuinuka kwenye kigoda siku hizi ni mpaka ashike kitu, magoti yanamsumbua. Nasikia wazee nao wanafanyishwa mazoezi ya uzito. Ni kweli au ndio kumtafutia mama wa watu matatizo?

Mtoto wa Igogo:

Pole mkuu. Wewe unakula ugali na dagaa, mwenzako anakula mayai na kuku, usitegemee muujiza. Hayo maumivu ni asidi imejikusanya kwenye msuli. Kunywa maji ya ndimu, kisha rudi ukapige pushapu mia, itatoka yenyewe.

Dada wa Fizio:

Ndimu mkamulie sato, mdogo wangu wa Igogo. Kwenye kifua cha mtu haina kazi. Hiyo asidi inakuwa imeshaondoka kwenye msuli ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi. Maumivu yanayoanza kesho yake na kufika kileleni kesho kutwa yana chanzo kingine, nitakifikia. Na pushapu mia kwenye kifua kilichoumia siku mbili zilizopita, huo ni ushauri wa kumpeleka mtu hospitali.

Kuli, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa hapa Mwanza. Makuli nawatambua wakiingia tu mlangoni, bega moja liko juu kuliko lenzake. Nguvu unazo, usidhani umedanganywa miaka yote hiyo, ila ziko kule unakozitumia. Gunia likiwa begani kazi ni ya mapaja, makalio, mgongo na shingo. Kiwiliwili chako hakiinui chochote muda huo, kinashikilia tu usipinde. Sasa nikuulize: kwa siku nzima pale Mwaloni ni lini unasukuma kitu kizito kutoka kifuani kwenda mbele? Labda boti ikikwama mchangani. Kifua, bega la mbele na msuli wa nyuma ya mkono havijaitwa kazini, na benchi linaita hivyo vitatu tu.

Halafu kuna suala la neva, ambalo watu wa jimu huwa hawalizungumzi kwa sababu halionekani kwenye kioo. Msuli hausogei bila amri. Mtu akianza zoezi jipya, wiki za mwanzo nguvu inapanda haraka wakati msuli wenyewe kwa kipimo ni ule ule. Kinachobadilika ni amri: ubongo unajifunza kuita nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja, kuzipigia kwa kasi zaidi, na kuinyamazisha misuli ya upande wa pili isivutane na inayofanya kazi. Kule kutetemeka kwako na chuma kupanda mshazari ndiko huko, amri bado haijapangika. Jirani yako ameshapita hapo. Rudi mara mbili tatu kwa wiki, kabla mwezi haujaisha chuma kitakuwa kinapanda sawasawa, na wala shati halitakuwa limeanza kubana.

Kuhusu mwili kutoongezeka. Gunia la mwaka huu lina uzito wa gunia la mwaka ulioanza kazi, na mwili ulishalijibu zamani: uliongeza mapaja kiasi cha kutosha gunia hilo ukaishia hapo, maana hauna sababu ya kutunza nyama usiyoitumia. Daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika jambo hili mwaka 1945. Alikuwa na askari waliorudi vitani na magoti mabovu, katika hospitali ya jeshi kule Chicago. Wakati huo majeruhi walikuwa wakipewa mazoezi mepesi ya muda mrefu. Yeye akawapa uzito mkubwa, na kila walipouzoea akaongeza. Mapaja yakarudi upesi kuliko ilivyozoeleka. Jirani yako ndicho anachofanya, leo 60, baadaye 62 na nusu, kisha 65. Wewe nani anakuongezea gunia?

Tena unatembea na mzigo kutwa, unachoma chakula kingi mno. Kilo 64 kwa kazi ile, chakula chako kinaishia kwenye kazi, hakuna kinachobaki cha kujengea. Hilo la mayai Mtoto wa Igogo kalipatia nusu. Anayetaka kujenga misuli anahitaji protini ya gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwako ni kama gramu 100. Lakini dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini! Umelalia hazina, unawapakia Wakongo kwenye lori. Ongeza dagaa, ongeza na ugali wenyewe, karanga, michembe ya viazi vitamu, mtindi. Bila wanga wa kutosha mwili utaichoma hata hiyo protini.

Sasa "uzito si uzito?" Hapana, mwili unatofautisha, na hilo la kushusha niachie niliseme kwa kirefu kidogo, ndilo ninalolipenda.

Nenda mlima wa Mabatini au Bugarika, kule nyumba zimekaa juu ya majabali. Mpandishe huko mgeni wa kutoka Dar. Kupanda atahema, atasimama mara kumi akijifanya anaangalia ziwa. Kushuka atashuka anapiga stori. Kesho yake asubuhi mapaja hayapindi, chooni anachuchumaa kwa kushika ukuta, na atakuapia kwamba kupanda ndiko kulikomuua. Wapi! Wakati wa kupanda msuli wa paja unajifupisha. Wakati wa kushuka, kila hatua paja linazuia mwili usiporomoke, yaani msuli unarefuka huku umebeba mzigo, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochubua nyuzi kwa ndani. Michubuko hiyo na uvimbe wake ndio maumivu ya kesho kutwa. Kifua chako kiliumia hivyo hivyo, kwa kushusha chuma ambacho hakijazoea.

Ila mwili una adabu yake. Yule mama anayeshuka mlima huo kila alfajiri na ndoo ya maziwa kichwani hasikii chochote, kwa sababu hata mara moja tu ya kuumia inaukinga msuli kwa wiki kadhaa. Ukirudia zoezi lile lile maumivu yanakuwa madogo sana. Kwa hiyo usipime ubora wa zoezi kwa maumivu. Kutoumia hakumaanishi hujafanya kitu.

Faida ya kushusha ni kwamba msuli unaorefuka unahimili mzigo mkubwa kuliko ule unaoweza kuuinua. Chuma kilichokushinda kukipandisha, bado ungeweza kukishusha taratibu. Huyo aliyekwambia ushushe polepole hakukudanganya, ingawa kuita siri ni kukuza mambo. Hesabu mbili au tatu wakati wa kushuka, inatosha.

Kushikilia bila kusogea nako kuna jibu lake. Nguvu inaongezeka hasa kwenye pembe ile ile uliyoishikilia na jirani yake kidogo. Ndiyo maana wavuvi wana mkamato wa kutisha, ukimpa mkono anakuvunja, lakini mwambie ajivute kwenye bomba mpaka kidevu kipite, wengine hawafiki.

Mengine nitarudi, kuna mtu ananisubiri kitandani na goti lake.

Mzee wa Saruji:

Dada kasema vizuri ila nimwongezee, na pengine nimpinge.

Mimi nina jimu ya uani Mabatini, mlima huo huo anaousema. Vyuma vyangu ni vya saruji. Bomba la maji la inchi moja na robo, makopo ya rangi, zege la kokoto ndogo. Lita moja ya zege iliyoshindiliwa vizuri ni kama kilo 2.4, kwa hiyo kopo la lita 4 linakupa karibu kilo tisa na nusu, la lita 10 ni kilo 24. Kazi ni kulinganisha pande mbili. Usiamini jicho, beba mpaka kwa muuza samaki akupimie kila upande kabla halijakauka, maana likishakauka na tofauti ya kilo mbili ndiyo umeoa. Na bomba lipigie misumari mtambuka kwa ndani ya kopo, la sivyo siku moja kopo litazunguka peke yake ukiwa umelinyanyua.

Nimefundisha vijana wengi pale uani, na msimamo wangu ni mmoja. Nguvu inatoka kwenye uzito mkubwa, mara tatu mpaka tano, unapumzika dakika tatu, unarudia. Hayo ya kunyanyua kikopo mara thelathini ni jasho tu. Na mipira ya kuvuta ni ya wagonjwa na akina dada, samahani dada.

Dada wa Fizio:

Samahani yako nimeipokea, mzee wangu, ila sikuachii.

Kwenye nguvu ya mara moja, ile ya kunyanyua kilicho kizito kabisa, uko sahihi. Uzito mkubwa wa marudio machache ndio unaoufundisha ubongo kuita kila kitu kwa mpigo. Kijana anayetaka kufika 80 lazima siku zingine ashike uzito wa karibu na huo. Lakini kwenye kujaza msuli, majaribio mengi yameshalinganisha uzito mdogo, hata ule wa theluthi moja ya uwezo wa mtu, na uzito mkubwa, na misuli imekua karibu sawa, kwa sharti moja: seti, yaani mfululizo mmoja wa marudio, ya uzito mdogo iende mpaka pale ambapo zimebaki mara moja mbili ushindwe. Sababu ni mpangilio wa kuitwa kazini. Mwili unaanza na nyuzi ndogo zisizochoka upesi, na zile kubwa zenye nguvu zinasubiri. Ukija na kopo la lita 10 zinaitwa tangu mwanzo. Ukija na kikopo zinaitwa zile ndogo zikishachoka. Ukiacha ukiwa hujachoka, zile kubwa hazijaguswa, na hapo kweli ni jasho tu. Vijana wako wengi wanaishia mara thelathini wakiwa bado wanacheka, ndiyo maana umeona haifanyi kazi.

Na gunia? Gunia ni hilo hilo jambo. Anabeba, anatua, anarudi anatembea mtupu, anabeba. Hafiki popote karibu na kushindwa, maana akifika ataanguka ziwani. Anapata uvumilivu mkubwa na ukubwa wa wastani.

Mipira nayo inauvuta msuli kwa namna yake. Chuma kina uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Mpira ni mwepesi ukianza kuuvuta na unakuwa mgumu kadiri unavyorefuka, kwa hiyo kazi kubwa inaangukia mwishoni mwa safari ya kiungo. Kwa anayeanza, matokeo hayapishani sana na vyuma. Tatizo lake ni kwamba hujui umevuta kilo ngapi, basi hesabu marudio. Sina haja ya kununua wa dukani, nawaelekeza wagonjwa wangu kwa fundi baiskeli, tyubu iliyokwisha kazi, uikate kwa urefu, uioshe, uikague kama ina nyufa kila mara kabla ya kuivuta. Ikikatika inarudi usoni, linda macho.

Kuli wa Mwaloni:

Dada na mzee, nimesoma mara mbili. Hapo pa "wewe nani anakuongezea gunia" nimecheka peke yangu stoo mpaka karani akaniuliza kuna nini.

Boti tukisukuma tunaweka bega, hatusukumi kwa mikono, kwa hiyo hata hapo kifua kinapumzika.

Shida yangu ni ratiba. Kazi yetu inafuata mwezi. Giza likiwa totoro wavuvi wanavua na taa usiku kucha, mzigo unashuka tangu alfajiri, siku hizo nikifika nyumbani nalala na viatu. Ikifika mbalamwezi dagaa hawafuati taa, boti zinapumzika, na sisi tunakaa kijiweni tunacheza bao. Sasa nikiambiwa jimu mara tatu kila wiki, wiki ya giza nitafika kweli? Na vipi kuhusu sindano za kujaza misuli, kuna jamaa ananiambia ndani ya mwezi mmoja nitakuwa mwingine.

Na mama hamjamgusa.

Dada wa Fizio:

Sindano achana nazo. Zitakujaza, halafu zitakuharibia moyo, ini na uzazi. Tuendelee.

Hilo la mwezi ni zuri sana na umelipata bila kujua. Wanamichezo wakubwa hulipia makocha wawapangie wiki za mzigo mwingi na wiki za kupunguza, wewe umepangiwa na mbalamwezi. Siku za mwanga, ukiwa kijiweni, ndizo siku za kwenda jimu mara tatu na kuongeza chuma. Siku za giza nenda mara moja, upige kifua na kuvuta tu, seti mbili tatu, uache miguu na mgongo kwa sababu vinafanya kazi kwa bosi mwingine. Kuipata nguvu ni kazi, kuitunza ni rahisi: hata mara moja kwa wiki, mradi uzito usishuke, inashikilia ulichokwisha kupata kwa wiki nyingi. Hutarudi nyuma.

Usiongeze haraka lakini. Msuli unapata damu nyingi na unabadilika upesi. Kano, zile zinazoushikiza kwenye mfupa, zinapata damu kidogo na zinahitaji miezi. Wewe una misuli ya mbele ya bega mipya na ari ya mtu aliyechekwa, mchanganyiko huo ndio unaonipatia wagonjwa. Bega likianza kuuma usiku ukilalia upande wake, punguza, usilipe jina la uvivu. Na siku yoyote ambayo baada ya mazoezi makali msuli umevimba na mkojo umegeuka kahawia, hiyo haisubiri, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Msuli uliosagika unamwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuziba figo.

Sasa mama yetu.

Ni kweli, na kwake uzito una maana kuliko kwako. Wewe ukikosa kifua utakosa sifa. Yeye akikosa paja atakosa choo. Kuanzia miaka ya 30 mtu hupoteza asilimia 3 mpaka 8 ya misuli kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi mifupa nayo inapungua, na mifupa husikia lugha ya mzigo tu.

Kuna jaribio la Boston lililochapishwa mwaka 1990. Wazee kumi dhaifu wa nyumba ya kulelea wazee, wastani wa miaka 90, si 60, walifanyishwa mazoezi ya uzito ya paja kwa wiki nane. Mmoja hakumaliza. Waliobaki tisa nguvu zao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, na msuli wa paja wenyewe ulikua kwa asilimia 9 tu. Tazama hizo namba mbili, Kuli, ndiyo ile hadithi ya amri na neva niliyokuanzia. Bibi wa miaka 90 bado ana nyuzi ambazo hazijaitwa.

Aanze na kiti cha mgongo, kilichoegemezwa ukutani kisiteleze, akiwekee mto juu ili kiwe kirefu. Aketi, ainuke bila kushika, aketi polepole huku anahesabu tatu. Mara tano, apumzike, arudie. Akizoea, toa mto. Akizoea tena, aanze kuinuka kwa haraka kadiri anavyoweza, ila kuketi kubaki polepole. Hiyo haraka naisisitiza, kwa sababu uzeeni kasi ya msuli hupotea mapema kuliko nguvu yake, na mtu anayejikwaa anahitaji mguu uende mbele sasa hivi.

Kwa presha, lililo bora kwake ni lile la kushikilia. Kuna uchambuzi mkubwa wa mwaka 2023 uliokusanya majaribio mengi ya mazoezi ya kila aina, na ya kushikilia ndiyo yaliyoshusha presha zaidi, namba ya juu kwa takriban 8. Lililo maarufu ni la kuegemea ukuta umekaa hewani, lakini kwa magoti yake sitaki. Mpe kitambaa kilichokunjwa akibane mkononi, kwa nguvu kama theluthi ya uwezo wake, dakika mbili, apumzike dakika moja mpaka mbili, mara nne, siku tatu kwa wiki. Anaweza kufanya akisikiliza redio. La lazima ni pumzi: asiizuie hata kidogo, aongee au aimbe huku anabana. Mtu akibana pumzi na kukaza, presha inaruka juu palepale, na hilo linakuhusu na wewe chini ya benchi. Dawa zake aendelee nazo kama kawaida. Mpime kabla hajaanza, ikiwa imefika 180 kwa 110 mazoezi yasubiri, aende kituo cha afya kwanza.

Mtoto wa Igogo:

Dada, mimi nilisema tu ndimu, sikujua kama nitapewa darasa. Swali dogo: pushapu kwa hiyo hazina kazi?

Dada wa Fizio:

Zina kazi sana. Pushapu ni karibu theluthi mbili ya uzito wako unasukuma. Kwa Kuli wa kilo 64 ni kama kilo 40, na ndizo zingemfaa wiki mbili kabla hajaenda kulala chini ya 80. Zikishakuwa rahisi, miguu juu ya kreti la soda. Mia moja ndiyo niliyoikataa.

Mzee wa Saruji:

Kuli, mbalamwezi ikitoka panda huku uani, uliza kwa mzee wa makopo watakuonyesha. Benchi ni la mninga, halitikisiki, na nitakuwekea makopo ya lita 4 uanze nayo, bomba na makopo yote hayafiki kilo 25. Nikikukuta unashusha kwa kasi nakutoa. Na hilo la mara thelathini mpaka ushindwe nitalijaribu kwa vijana wawili wavivu nione, dada asije akasema mzee hasikii. Tyubu uje nayo mwenyewe.

Kuli wa Mwaloni:

Nakuja. Dagaa nilete wa kukaanga au wabichi?

Mzee wa Saruji:

Wakavu, wa kuanikwa kwenye chanja. Wa mchangani wape Wakongo.

Kuli wa Mwaloni:

Mzee, Wakongo siku hizi wanachungulia gunia kabla ya kulipa.